Nimeshindwa na nani?

Mbele yako kuna ubao wenye vitufe vitano vya rangi: cheupe, cha njano, chekundu, cha kijani na cha buluu. Vipo na viwili vya sauti, kimoja cha mlio mwembamba, kingine cha mlio mzito. Chini ya meza kuna pedali mbili, moja kwa kila mguu. Duara la rangi likiwaka kwenye skrini, unabonyeza kitufe cha rangi hiyo. Mlio ukisikika, unabonyeza cha mlio. Ikitokea alama ya mguu, unakanyaga. Ukijibu vizuri mashine inaongeza kasi, ukilemewa inapunguza kidogo, kisha inaongeza tena. Haikuachi upumue. Inakutafuta mpaka ikufikishe ukingoni mwa uwezo wako, huku ikikuhesabia: majibu sahihi, majibu yaliyochelewa, yaliyokosewa, na yale uliyoyaacha kabisa yakapita.

Mashine hiyo ni sehemu ya mfumo wa vipimo unaobeba jina la jiji la Vienna, unaotengenezwa na kampuni ya Schuhfried, iliyoanzishwa mwaka 1947 huko Mödling, mji mdogo jirani na jiji hilo, Austria. Kinachopimwa na vitufe na pedali wenyewe wanakiita ustahimilivu wa shinikizo. Kipo na kipimo chenzake cha umakini, kilicho kimya zaidi: unaonyeshwa maumbo kadhaa juu na umbo moja chini, unaamua kama la chini linafanana na mojawapo ya yale ya juu. Ndiyo, siyo, siyo, ndiyo, hadi macho yachoke. Ulaya vipimo hivi hutumika sana kwa madereva, marubani na waendesha treni. Sasa vipimo vya kompyuta vya namna hii vinawekwa mbele ya wanaume wa Vietnam, ili wapatiwe viwango vyao wenyewe vya umakini na ustahimilivu, nami nimejikuta nikilifikiria jambo hilo kwa uzito kuliko nilivyotarajia, kwa sababu liliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Mjomba wangu ni dereva wa malori. Ameanza kwenda Tunduma na Lubumbashi nikiwa bado shule ya msingi, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuangusha gari. Siku moja kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar ilitangaza nafasi, akaomba, akaitwa. Badala ya kupewa gari alikalishwa mbele ya mashine ya vitufe na pedali. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Dakika chache baadaye karatasi ikatoka: chini ya wastani. Akauliza wastani huo ni wa akina nani. Binti aliyekuwa akisimamia, na simlaumu, alijibu kwamba kompyuta ndiyo inayokokotoa. Jioni yake tulikaa barazani. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyohivyo, "mimi sikatai kwamba nimeshindwa. Nataka tu kujua nimeshindwa na nani."

Sijawahi kusikia mtaalamu akiliuliza swali hilo vizuri kuliko yeye.

Tuseme mtu amejibu sawasawa mara 220. Ni nyingi? Ni chache? Namba yenyewe haikwambii. Urefu unaupima kwa futi kamba, na sentimita ni ileile Hanoi na Tabora. Umakini hauna futi kamba. Alama ya mtu inapata maana pale tu inapowekwa kando ya alama za watu wengine waliokaa mbele ya mashine ileile, kwa maelekezo yaleyale, ndipo unaweza kusema huyu amewapita themanini kati ya mia, au amewapita kumi tu. Kundi hilo la kulinganishia ndilo linalotoa hukumu. Kompyuta ni karani wake. Kwa hiyo kijana wa Nghệ An, mkoa mmoja wa Vietnam, akilinganishwa na kundi lililopimwa Austria au Ujerumani, atakachoambiwa ni jinsi anavyofanana na Waaustria na Wajerumani wa rika lake siku hiyo waliyopimwa. Pengine inatosha. Pengine haitoshi hata kidogo, na hakuna atakayejua mpaka Wavietnam wenyewe wapimwe kwa wingi.

Ndiyo maana naunga mkono, bila kusitasita, kazi ya kuwapima wanaume wa Vietnam na kutengeneza viwango vyao wenyewe. Wapo watakaosema ubongo ni ubongo, mwanga mwekundu ni mwanga mwekundu. Lakini huo mwanga mwekundu wenyewe una mambo. Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata takriban wanaume 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya, na kiwango hicho si kimoja kwa watu wote wa dunia. Mtu asiyetenganisha rangi hizo mbili ataonekana mbele ya ubao ule kama amelemewa na shinikizo, kumbe shida iko kwenye jicho. Na kama yuko ndani ya kundi la kulinganishia bila kujulikana, amekwishaivuruga namba yenu kabla hamjaanza.

Halafu kuna mazoea. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alichapisha mwaka 1979 ulinganisho wa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester. Aliwapa kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza waliongoza. Kwa waya, ule waya ambao mtoto wa mtaani Lusaka anaukunja kuwa gari tangu akiwa mdogo, Wazambia waliongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi hawakutofautiana. Kila nikisoma kwamba kundi fulani la watu lina umakini mdogo, nauliza kwanza walipewa penseli au waya.

Vietnam ina penseli na waya ndani ya nchi moja. Mchezo wa Flappy Bird, ule uliowafanya watu dunia nzima wagonge skrini usiku kucha kumvusha ndege kati ya mabomba, ulitengenezwa Hanoi na Nguyễn Hà Đông mwaka 2013. Vijana wa miji yake wamekulia kwenye vibanda vya intaneti, vidole vikishindana na kompyuta kila jioni. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wakiishi vijijini. Serikali yao inatambua makabila 54. Wakinh ni kama asilimia 85, na waliobaki ni Watay, Wathai, Wamuong, Wakhmer, Wahmong na wengine, wengi wao wakiishi milimani ambako Kivietnam si lugha ya kwanza ya mtoto. Kijana wa Kihmong kutoka Mèo Vạc, kule uliokuwa mkoa wa Hà Giang mpakani na China, na kijana wa Saigon, yaani Jiji la Ho Chi Minh, aliyezaliwa na simu mkononi, wote ni wanaume wa Vietnam. Ukichukua wanafunzi mia mbili wa chuo kimoja cha Hanoi ukawaita "wanaume wa Vietnam", umemrudishia yule kijana wa Mèo Vạc karatasi ileile aliyopewa mjomba wangu, ila safari hii imeandikwa kwa lugha ya nchi yake. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi katika jambo zima. Dhuluma ya kiwango kilichotoka mbali inaonekana upesi. Ile ya kiwango kilichotengenezwa nyumbani, na watu wa mjini, kwa vijana wa mjini, inajificha, kwa sababu karatasi ina muhuri wa kwenu.

Kwa nini wanaume tu? Naelewa sababu. Sheria ya jeshi ya Vietnam ya mwaka 2015 inawaita vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25, na waliokuwa masomoni chuoni hadi 27, kutumikia miezi 24, na uchunguzi wa afya ni sehemu ya mlango huo. Jeshi lina watu wa rika moja na utaratibu wa kuwakusanya. Isitoshe, muda wa kujibu unatofautiana kidogo kati ya wanaume na wanawake, na unaanza kurefuka mtu akishapita miaka ya ishirini, kwa hiyo kutenga makundi ni sawa kitaalamu. Ila Vietnam ni nchi ambayo wanawake wake wako kazini kwa kiwango cha juu kuliko nchi nyingi duniani, na ukiangalia barabara yoyote ya Hanoi asubuhi, nusu ya vichwa vilivyo ndani ya helmeti ni vya wanawake. Viwango vya wanaume vikishamalizika, vya wanawake vianze mara moja. Visipokuwepo, mwanamke atakayeomba kuendesha treni atapimwa kwa namba za askari wa miaka 20.

Treni nimeitaja makusudi. Njia ya kwanza ya metro ya Hanoi, kutoka Cát Linh hadi Hà Đông, ilifunguliwa Novemba 2021, na ya Jiji la Ho Chi Minh Desemba 2024. Kazi za namna hii hazikuwepo kwa kizazi kilichopita. Mwaka 2014 nchi hiyo ilianza kupokea nyambizi zake za kwanza za aina ya Kilo kutoka Urusi, sita kwa jumla, zenye kituo Cam Ranh. Mtu anayekaa chini ya bahari kwa wiki kadhaa akisikiliza milio kwenye vidude vya masikioni anahitaji umakini wa aina ya peke yake, na kumpeleka asiyefaa ni kumwonea yeye na wenzake. Pia kuna waliotangulia: Phạm Tuân, rubani wa ndege za kivita, alipaa angani Julai 1980 ndani ya Soyuz 37, Mwasia wa kwanza kufika huko. Walimpima kwa kila namna ambayo Wasovieti walikuwa nayo. Kwa watu wachache namna hiyo unaweza kuajiri madaktari kumi wamtazame mtu mmoja. Kwa maelfu unahitaji kompyuta, na viwango.

Na barabara. Vietnam imepita watu milioni 100, na pikipiki zilizosajiliwa ni zaidi ya milioni 70. Bodaboda yao inaitwa xe ôm, chombo cha kukumbatia, kwa jinsi abiria anavyomshika dereva. Kuvuka barabara Hanoi unaingia taratibu, huongezi mwendo wala husimami ghafla, na mto wa pikipiki unajigawa kukupitisha. Dereva aliyekulia ndani ya mto huo amefundishwa tangu utotoni kuangalia vitu ishirini kwa mara moja, vingi vikiwa pembeni mwa jicho. Je, akikaa mbele ya duara moja la rangi kwenye skrini, ustadi wake huo utaonekana? Mimi nadhani sehemu yake kubwa itabaki nje ya chumba. Hilo si kosa la mashine. Ni kosa la yule atakayesoma karatasi kana kwamba barabara yote imo ndani yake.

Neno lenyewe, stresi, nalo lina uzito tofauti kila linapohamia. Sisi tunasema msongo: ugali unasongwa, watu wanasongamana mlangoni, mtu anasongwa na mawazo. Kitu kinakubana kutoka nje. Wavietnam wanasema căng thẳng, na ndani yake kuna kamba iliyovutwa ikakaza, ikanyooka. Kwao mtu havunjwi kwa kubanwa, anavutwa. Kustahimili wanasema chịu đựng, na hilo neno đựng ni lile linalotumika chombo kinapobeba maji. Mwenye kustahimili ni mtungi. Nimekaa na neno hilo siku nzima. Mashine ya Mödling haiulizi mtungi umejaa kiasi gani. Inauliza mikono na miguu yako inabaki na mpangilio kiasi gani mambo yanapokuja haraka kuliko unavyoweza kujibu. Ni swali halali kabisa kwa rubani na dereva. Lakini kijana anaweza kuwa wa kwanza darasani kwenye vitufe, kisha akasambaratika kimyakimya mwezi wa nane wa kukaa kambini mbali na kwao, na mwingine akawa mzito wa vidole lakini ndiye anayebaki akiwashikilia wenzake. Anayeandika "ustahimilivu wa shinikizo" kwenye karatasi aandike na urefu wa shinikizo lenyewe: dakika chache, ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Sipendi pia pale watu wanaposema Wavietnam lazima wawe wastahimilivu kwa sababu ya vita. Vita vya Vietnam viliisha Aprili 1975. Kijana anayeitwa jeshini leo amezaliwa baada ya mwaka 2000, kwenye uchumi uliofunguliwa tangu mageuzi ya 1986, na shinikizo lake ni mitihani, kodi ya chumba na baba anayetaka kujua ataoa lini. Kumwambia ana chuma cha babu yake ndani yake ni njia nzuri ya kumnyamazisha asiseme anaumwa. Wanaume wa huko hawahitaji kuongezewa sababu za kunyamaza, na wa kwetu hivyohivyo.

Kitu kingine ni saa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waligundua kwamba waendesha rada, vijana wazuri waliochujwa, walikuwa wakipitwa na ishara za nyambizi zilizokuwa wazi kwenye skrini zao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akawatengenezea saa ya majaribio ambayo mshale wake uliruka hatua moja moja, na mara chache hatua mbili kwa mpigo. Kazi ilikuwa kugundua mruko huo kwa saa mbili. Matokeo aliyochapisha mwaka 1948 yalionyesha umakini ukiporomoka ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa watu walewale waliokuwa hodari mwanzoni. Umakini hukaa ndani ya mtu, lakini hukaa pia ndani ya zamu aliyopangiwa. Vietnam inaonekana kulielewa hili, maana sheria yake mpya ya usalama barabarani, iliyoanza kutumika Januari 2025, inamzuia dereva wa gari la kazi kuendesha zaidi ya saa 10 kwa siku na 48 kwa wiki, wala saa 4 mfululizo bila kupumzika. Mimi ningetoa vipimo vyote vya kompyuta vya Afrika Mashariki nipate kifungu kimoja kama hicho kinachosimamiwa kweli barabarani.

Basi nawaomba wanaopima kitu kimoja kigumu. Wapimeni pia vijana hao saa tisa alasiri mwezi Juni, baada ya zamu, mkoani Nghệ An, ambako huko Tương Dương joto lilifika nyuzi 44.2 Mei 2023, rekodi ya nchi nzima. Wapimeni mara ya pili baada ya wiki, muone ni kiasi gani kilikuwa ugeni wa mashine tu. Mpeni kila mmoja muda wa kuzoea vitufe kabla namba hazijaanza kuhesabiwa, hasa aliyetoka mlimani. Andikeni kwenye karatasi yake alilinganishwa na akina nani, wa umri gani, wa elimu gani, waliopimwa mwaka gani, kwa sababu viwango navyo huzeeka. Mtafiti James Flynn alionyesha mwaka 1984 jinsi alama za Wamarekani kwenye vipimo vya akili zilivyokuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi, hata kiwango cha zamani kikawa kinamsifia kila mtu bure. Na mkisharekebisha, rekebisheni tena. Kule Kilifi, watafiti waliowapima watoto walioathiriwa na malaria hawakutosheka kutafsiri maswali ya Ulaya. Walitengeneza kipimo kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa Kigiriama anavijua na kuvishika kila siku, wakakijaribu, wakakirekebisha. Inachukua miaka, na inawezekana.

Mjomba alipata kazi mwaka uliofuata kwa tajiri mwingine, ambaye kipimo chake kilikuwa kumpa lori lenye mzigo na kukaa naye ndani hadi Chalinze na kurudi. Karatasi ile ya kwanza anayo bado, imekunjwa ndani ya bima ya gari. Wiki hii yuko Tunduma kwenye foleni ya mpaka, siku ya tatu. Nilipompigia simu nikamweleza kwamba Vietnam wanawapima watu wao wenyewe ili wawalinganishe wao kwa wao, alikaa kimya kidogo, nikisikia injini za malori mengine nyuma yake, kisha akauliza kama madereva wamo.